Muuguzi alisema "akifunga choo", mimi nikang'oa komeo la mlango

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu, ambako mvua haijatuacha tangu asubuhi. Ninachoandika kilitokea nyumbani kwangu, mimi nikiwepo, na sijaongeza chumvi. Anayetaka kunicheka acheke, nimeshajicheka vya kutosha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nina karakana ndogo Kadutu, natengeneza milango na madirisha ya chuma. Lishikeni hilo, maana uzi wote huu ni wa mlango.

Mama yangu aliugua kansa ya mlango wa kizazi. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshasambaa, madaktari wakatuambia waziwazi kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu.

Nikamtoa kijijini Nyangezi nikamleta kwangu. Hospitalini wakampa morphine ya maji, ya kunywa.

Aliyetukabidhi dawa ni muuguzi mmoja, nitamwita Maman Zuhura. Ni mtu wa Uvira, familia ya Waislamu wafanyabiashara, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sisi wa huku juu.

Akanipa chupa mbili za plastiki, zote hazina karatasi ya maelezo. Akasema, "Hii ya maumivu. Hii ya choo, vifuniko viwili kila jioni, msiruke hata siku moja. Akifunga choo siku tatu, mleteni."

Nikasema merci, nikaondoka.

Sasa wakuu, ngoja niwaeleze kidogo. Kwetu choo ni kile kijumba cha uani, basi. Mtu asiyepata haja tunasema ana constipation, kwa Kifaransa, tena kwa sauti ya chini. Mara nyingi hatusemi kabisa.

Kwa hiyo mimi nilielewa hivi: dawa inalevya, mama atajifungia chooni, aanguke, tushindwe kumfikia. Nikafurahi kwamba hilo angalau naliweza. Jioni ileile nikachukua grinder nikakata komeo la mlango wa choo, komeo nililolichomelea kwa mkono wangu.

Na ile "dawa ya choo" nikampa mke wangu. Akaiweka kwenye jiwe nyuma ya mlango wa choo, na kila jioni akawa anamimina vifuniko viwili shimoni. Hakuruka hata siku moja.

Ndiyo. Chekeni.

Siku za kwanza mama alipata usingizi, maumivu yakashuka, tukamshukuru Mungu. Siku ya nne akakataa bugali, ugali wetu. Siku ya tano akakataa hata uji, na tumbo likawa limekaza kama tairi iliyojazwa upepo.

Nilimuuliza ana nini. Akageukia ukutani. Mama wa Kishi, kabila letu, hamwelezi mtoto wake wa kiume mambo ya haja, hata akiwa anakufa.

Mke wangu alikuta majimaji kidogo kwenye shuka, tukasema basi tumbo linaendesha. Tukampunguzia maji ya kunywa. Baadaye niliambiwa kwamba choo kigumu kikiziba, majimaji hupenya pembeni, na watu wengi hudanganyika hapo kama sisi.

Siku ya sita akasema neno moja tu. "Banifunga."

Tantine Furaha, shangazi yangu, alikuwepo. Nilimwona anavyobadilika uso. Hapa kwetu mtu akisema wamemfunga, hakuna anayefikiria matumbo. Unaanza kuhesabu majirani, nani kamroga.

Saa nane mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Kitanda cha mama kiko dirishani, kinaangalia uani. Akasema taratibu kabisa, "Nsimire iko pa choo. Anasimama tu."

Nsimire alikuwa mdogo wake. Alikufa Nyangezi akiwa msichana, kabla mimi sijazaliwa.

Nikatazama. Mlango wa choo ukafunguka polepole, ukakaa wazi, halafu ukajirudisha wenyewe. Upepo haukuwepo, nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia. Mimi najua milango, najua bawaba inavyovuta chuma kikikosa komeo, na bado nilisikia baridi mgongoni.

Kesho yake wakaja sisimizi. Msafara mweusi, mwembamba, kutoka ukutani hadi nyuma ya mlango wa choo, wanaenda na kurudi kutwa nzima. Mke wangu akafagia, wakarudi. Tantine akasema hiyo ni alama, wala hakuna haja ya kuuliza.

Akaleta watu wa chumba cha maombi. Wakaamuru tufunge siku tatu, bila chakula wala maji, nyumba nzima na mgonjwa pia. Kiongozi wao akanishika bega: "Papa, tutafunga ili mama afunguliwe."

Nikakubali. Wakuu, nilikubali mama yangu asinywe maji, na hapa ninapoandika naona aibu.

Wakasimama uani wakiuelekea mlango wa choo, wakamwamuru marehemu Nsimire aondoke. Mlango ukawa unacheza mbele yao, wazi, funga, wazi. Mama akaanza kulia dirishani.

"Musimufukuze. Iko anachunga dawa yangu. Bidudu binaikula."

Tuliongeza sauti ya maombi ili tusimsikie.

Siku ya pili ya kufunga, asubuhi, mama alikuwa amekauka midomo na anatapika mate ya kijani. Simu ikalia. Maman Zuhura, anaulizia hali tu, kama anavyofanya kwa wagonjwa wake wote. Akauliza, "Choo vipi?"

Nikamjibu, "Choo iko muzuri. Nilitoa ata verrou, hawezi kujifungia."

Akanikatiza hapohapo.

"Ndugu yangu, nani kazungumza habari ya mlango? Mama kapata haja lini mara ya mwisho?"

Nikamwita mke wangu. Akahesabu kwa vidole, akafika tisa, akaanza upya kana kwamba amekosea. Haikuwa makosa.

"Na ile dawa ya choo mnampa?"

Nilikuwa nimesimama uani, natazama sisimizi. Niliusogeza mlango. Chupa ilikuwa pale kwenye jiwe, kifuniko kimelegea, nyeusi tii kwa wadudu. Ile dawa ni tamu kama sharubati, sikuwahi hata kuinusa.

Tulimbeba mama kwenye taxi. Daktari alimpima tumbo kwanza na kumpiga picha, kuhakikisha utumbo haujazibwa kabisa na uvimbe wenyewe. Alituambia kwamba tungempiga bomba la mitishamba kwa njia ya haja nyumbani, kama Tantine alivyokuwa anapanga kesho yake, tungeweza kumpasua utumbo. Wakamtundikia maji. Halafu Maman Zuhura akavaa glavu, akavuta pazia, akafanya kazi ambayo mimi mwanawe nilishindwa hata kuitamka.

Siku mbili baadaye mama aliomba sambaza, dagaa wetu wa ziwani, akala, akanitania kwamba nimekonda kuliko yeye mwenye kansa. Alikuwa akituita majina yetu vizuri. Wakaniambia kwamba mwili uliojaa uchafu na kukosa maji unaweza kumchanganya mgonjwa, akaona wasiokuwepo. Nimelikubali hilo.

Ila nilimuuliza alijuaje habari ya dawa na wadudu. Jiwe liko nyuma ya mlango, kutoka dirishani halionekani, na yeye alikuwa hajatoka kitandani tangu siku ya tatu. Hakuna aliyemwambia, maana hata sisi hatukujua kwamba ile ni dawa yake.

Akanitazama kwa huruma. "Nilikuambia. Nsimire njo alikuwa ananiambia."

Aliishi miezi mitano mingine. Kila jioni nilimpa vifuniko viwili kwa mkono wangu na kila asubuhi nilimuuliza bila haya, naye akazoea kunijibu. Aliondoka asubuhi moja baada ya uji, tumbo lake laini.

Somo langu, wakuu: mgonjwa wako akipewa morphine, ulizia dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, na umpe kila siku kama ulivyoelekezwa, usingoje akwame. Maji asinyimwe. Akianza kutapika na tumbo kuvimba, kimbia hospitali, bomba la nyumbani liache. Na ukiambiwa neno, uliza maana yake hata ukionekana mjinga.

Nyie kwenu hali hiyo mnaiitaje, na mnawauliza vipi wazazi wenu? Andikeni hapa chini kwa lugha yoyote. Na mwenye maelezo ya lile la Nsimire pia aandike, nitasoma bila kubishana.

Komeo nimelirudisha, lakini silifungi. Maana yule tuliyesimama uani kumfukuza ndiye peke yake nyumbani kwangu aliyekuwa anajua mama anaumwa nini.