Kamba Aliyoichagua Maroa

Maroa hakuzaliwa karibu na maji. Kwao ni kule mpakani, kwa Wakuria, ambako mtoto hushika kamba ya ng'ombe kabla hajajua kushika kijiko. Aliondoka baada ya wezi wa mifugo kumpasua kakake kichwa kwa panga mlangoni mwa zizi. Akateremka Karungu, ufuoni mwa ziwa, na mkewe Mellen, akaapa hataki kuona damu tena. Maskini ya Mungu! Kana kwamba ziwa halina meno.

Jacktone, mwenye mashua, ndiye aliyemfundisha kazi. Maji yakitulia, mnatega wavu mwepesi. Upepo ukianza kusukuma magugu yanayoelea ziwani, wavu unabaki nyumbani. Mnabeba ndoana za mbuta, yule samaki mkubwa, kamba ndefu na mawe ya kuizamisha. Na siku kama hizo, pale kamba ya ndoana inapofungwa kwenye mashua, Jacktone aliunga kipande cha kamba nyembamba, iliyochakaa.

"Hii takataka ni ya nini?" Maroa aliuliza.

"Ziwa likivuta sana, omera, ndugu yangu, hiyo inakatika na sisi tunabaki."

Maroa akacheka moyoni. Fahali anaruka, wewe unamfunga kwa uzi? Ujinga gani huo! Kwao, mnyama akiwa mkali ndipo unatafuta kamba nene, tena unaizungusha mkononi asikuponyoke. Basi asubuhi moja ya upepo, Jacktone akipiga soga na mama wa chai, Maroa alikifungua kile kipande, akaunga nailoni mpya, nene kama ya kuvutia malori ya miwa. Wala hakumwambia mtu.

Wakiwa kwenye maji marefu, magugu yakaja na upepo, shamba zima linaelea, yakanasa kamba. Nailoni ikakazika, haikukatika. Mashua ikainama upande, maji yakaanza kuingia. Maroa akafanya alichofanya maisha yake yote: akaizungusha kamba mkononi, akakaza miguu, akavuta. Kamba ikambana, ikamtupa kifudifudi juu ya ukingo, na mfupa wa mkono ukavunjika, ka!

"Achilia!" Jacktone akapiga kelele.

"Imenibana! Kata! Kata kamba!"

Panga lilikuwa miguuni pa Jacktone. Lakini Jacktone huyo, mtoto wa ziwa, alikuwa amekumbatia ubao wa nyuma, macho yamemtoka, anamwita Mungu wake, Nyasaye, Nyasaye. Kuinama hakuweza. Alichoweza ni kulisukuma panga kwa mguu.

Maroa akaliokota kwa mkono wa kushoto, akalenga kamba. Wimbi likapiga, panga likashuka juu ya vidole. Akanguruma kama ng'ombe anayechinjwa, akainua tena, likashuka palepale. Akainua tena. Safari hii kamba ikakatika, mashua ikaruka, naye akaanguka chali ndani ya mashua, kwenye maji mekundu.

Najua mtasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Semeni tu, midomo ni yenu. Ila huyo mkuu naye alikuwa wapi?

Jacktone alipiga kasia mpaka ufuoni akilia kwa sauti. Mellen alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwa. Aliliona shati lililofungwa mkononi mwa mumewe, akalifungua kabla hajazuiwa. Kilikuwa kimebaki kidole gumba tu.

"Nani amekukata?"

"Mimi mwenyewe," Maroa akasema. "Kamba nilibadilisha mimi."

"Na huyu? Huyu alikuwa wapi?"

Jacktone hakuinua macho.

Mellen akanyakua kasia. Alimpiga Jacktone begani, akampiga mgongoni, akampiga sikio likachuruzika damu. "Mikono miwili!" alilia kila alipopiga. "Mikono miwili mizima, na ukamwacha ajikate mwenyewe!"

Wavuvi wakaja mbio kumshika Mellen. Jacktone, akiwa amepiga magoti kwenye mchanga, akawapungia mkono warudi nyuma.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni apige."