Pikipiki Nyekundu na Kona za Soni

Mume wangu alipohamishiwa Dodoma, mimi nilibaki Lushoto nikifundisha. Kila shule ilipofungwa nilimfuata. Nilikuwa nimezoea kuendesha pikipiki ndogo huku milimani, ila kwa safari ile ndefu nilitaka kubwa, ya mbio na starehe, yenye kioo cha kukinga upepo na kiti kisichoumiza mgongo.

Mtu mmoja wa Tanga alileta Lushoto pikipiki mbili za kuuza. Moja nyekundu, imeinama mbele kama paka anayevizia. Nyingine ya kijivu, fupi, haina mvuto. Niliipenda nyekundu kabla hata haijawashwa.

Tatizo lilikuwa baba. Kwetu baba tunamwita Tate, na Tate wangu ni mzee mrefu, mkulima wa kabichi, hapendi kubishana. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza kuwa muuzaji ameniruhusu kuijaribu hadi Soni, aliitikia, akachukua kofia yake.

"Nitakaa nyuma," alisema. "Tukifika Soni salama, sitasema neno tena."

Nilijaribu kumkatalia. Akawa ameshapanda.

Tulipotoka mjini ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Kwenye lami iliyonyooka ile pikipiki ilikwenda kwa raha. Kwenye kona ndipo nilipoanza kuogopa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ukiilaza kidogo ilitaka kulala zaidi. Nilimsikia baba akisoma dua taratibu, mdomo karibu na sikio langu. Sikutaka ajue kuwa na mimi naogopa, kwa hiyo sikupunguza mwendo kama nilivyopaswa.

Kwenye kona moja lori la mboga lilitokea ukunguni likipanda, limekaa katikati ya barabara. Nilishika breki na kuchepuka kushoto, upande wa bonde. Tairi la mbele likaingia kwenye kokoto, tukasimama. Nikateremsha mguu wa kushoto kutafuta ardhi.

Sikuipata. Kiti kilikuwa juu, na pale ukingoni ardhi ilikuwa imeinama. Ncha ya kiatu iligusa majani tu, na pikipiki ikaanza kunilemea polepole kuelekea bondeni. Nilivuta usukani kwa nguvu zangu zote. Haukurudi. Chini sikuona kitu, ni weupe mtupu, na maji yalisikika mbali sana.

"La ilaha illallah," baba alisema kwa sauti, na nikahisi kishindo. Alikuwa amekanyaga chini kwa mguu wake mrefu. Pikipiki ikasita.

"Zima moto," alisema. "Usigeuke. Shuka kwa kulia."

Nilishuka. Tuliivuta pamoja hadi kwenye lami, kisha nikakaa chini. Lori lilikuwa limekwenda zake. Nilidhani atanigombeza. Alikuwa akipangusa vumbi la kokoto kwenye suruali, palepale, tena na tena. Sikuwahi kumwona baba akiogopa namna ile.

"Tate, rudi kwa basi," nilimwomba. "Nitairudisha mwenyewe."

"Nikikuacha peke yako hapa nitafika nyumbani na nini?" Akapanda tena.

Tulirudi kwa gia ya pili njia nzima, tukipigiwa honi.

Uani kwa muuzaji nilikaa kwenye ile ya kijivu. Nyayo zote mbili zilitulia chini. Niliilaza kushoto, nikaiinua. Nikailaza kulia, nikaiinua. Muuzaji alicheka, akaniambia ile ni pikipiki ya wazee.

"Nipe hiyo hiyo," nilimwambia.

Baba hakunipongeza wala hakunikataza. Shule zilipofungwa niliteremka Mombo nayo asubuhi, kukiwa kweupe, nikipiga honi kila kona kabla sijaiona. Nilipofika kwenye joto la chini nilisimama kumpigia simu. Iliita mara moja tu, akapokea. Nilimsikia akihema.

"Nimefika Mombo, Tate."

"Haya," alisema. "Bado Dodoma."