Malkia wa Sisimizi Nyumbani kwa Mke Mwenzangu

Majina ya watu wote wa boma letu ninayo kichwani, hata ya mbwa, lakini sitayaandika hapa. Wengine wamelala makaburini, na walio hai wana midomo.

Mimi ndiye nilikuwa mke mkubwa. Kwetu Waluo, hakuna mke anayetia mbegu ardhini kabla ya mkubwa kutia yake. Mke mwenzangu alisimama na jembe lake akiningoja, mvua inyeshe isinyeshe. Ndivyo ilivyokuwa, na nilipenda iwe hivyo.

Halafu miaka ya tisini ikielekea kuisha, kijana wa mke mwenzangu aliyekuwa na duka Migori akaleta televisheni, mashine ya video na betri ya gari ya kuviendesha. Nilifagia sebule, nikatandika vitambaa, nikangoja. Mzigo ukapita mlangoni kwangu ukaenda kwa mamake. Nikamuuliza mzee wetu kama kitu kigeni namna ile hakifunguliwi na nyumba kubwa, kama mtama. Akasema televisheni haipandwi.

Kanda ilikuwa moja tu, ya katuni, wadudu wanatembea na kuongea kama watu. Wajukuu wasichana walikuwa wakilala kwangu, kama desturi ilivyo, nami nikiwapa hadithi mpaka usingizi uwabebe. Sasa jioni wote huko. Hata yule niliyemlea tangu aachishwe ziwa akaniambia mimi nyanyake, "Dani, hadithi utatupa kesho."

Kesho hiyo haikufika. Mimi kwenda kukaa kwenye kigoda cha yule mwanamke, hapana. Nilibaki jikoni kwangu nikipukuchua mahindi, nikisikia wanavyocheka. Siku moja mvua ilipoacha nikategea kumbikumbi kwenye kichuguu changu, nikawakaanga na chumvi. Harufu ikawaleta wasichana mbio. Nikajua nimewapata. Wakajaza bakuli, wakaenda kula huko huku wakitazama wadudu wenzao.

Mke mwenzangu alitangulia kufa. Nilimlilia vizuri, mtu asiseme.

Yule niliyemlea sasa ni mama wa watoto, anakaa Migori. Mwaka jana nilikuwa kwake kwa ajili ya macho yangu, nikaona watoto wake wanatazama katuni. Nikamwomba aniwekee ile ya zamani, ya wadudu. Nilitaka kuona kilichonishinda.

Picha ni nzuri, siwezi kudanganya. Lakini wanasema Kizungu, na mimi shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo nikamwambia anifasirie. Akaanza kwa Kijaluo, haraka, hata kioo haangalii. Malkia wa sisimizi alipofungua mdomo, mjukuu wangu akakaza shingo akasema, "Nani huyo ameenda shambani kabla yangu? Mbegu zirudi kibuyuni!"

Nikamuuliza kama Wazungu nao hupanda hivyo.

Akacheka sana. Akanieleza kwamba siku zile hakuna aliyekuwa anaelewa Kizungu kile, hata watoto wa shule. Dani mdogo, yaani mke mwenzangu, ndiye alikuwa anawasemea wadudu, kila mmoja na sauti yake, na kila jioni anaongeza mapya. Ndiyo maana hawakuichoka kanda moja.

"Na huyu malkia, sauti ilikuwa ya nani?"

Akaiangalia rimoti. "Yako, dani."

Nilikuwa nimedhani ni betri na kioo vilivyonipokonya watoto, kumbe ni hadithi, kazi yangu mimi. Tena si wajukuu tu aliochukua. Nilipokuwa nikipukuchua mahindi peke yangu, nilikuwa kwake pia, nimevalishwa umalkia, nachekwa.

Nikamwambia mjukuu arudishe mwanzo, malkia nitamsema mwenyewe. Nikamsema. Nilikaza shingo, nikagombeza sisimizi mmoja mmoja, nikawarudisha wote nyuma yangu kwenye mstari wa kupanda. Watoto walikuja kusimama mlangoni. Mjukuu wangu alisikiliza kwa adabu mpaka picha ikaisha, ndipo nikamuuliza ni nani kati yangu na dani mdogo anamweza malkia zaidi.

"Usikasirike, dani," akasema. "Yeye alikuwa wewe kabisa."