Usukani uliogoma kwenye kona: majuto ya fundi Yusto wa Sumbawanga

Saa mbili asubuhi, upepo wa Julai unavuma Majengo, mjini Sumbawanga, na Yusto Sikazwe amevaa makoti mawili. Ameinua gurudumu la mbele la pikipiki nyekundu ya mbio kwa jeki na kipande cha gogo. Anashika usukani kwa mikono miwili, anaupeleka kushoto taratibu mpaka unagota. Anainama, anachungulia. Anaupeleka kulia mpaka unagota. Anainama tena.

Mwenye pikipiki, Victor, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Matai, amekaa juu ya tairi kuukuu akitazama saa kwenye simu yake.

"Fundi, si umeshaona inafika? Mara ya ngapi hiyo?"

"Ya kumi na moja," anajibu Yusto bila kuinua kichwa. "Kama una haraka, chukua pikipiki yako. Dampa itabaki hapa."

Victor anaguna, lakini haondoki.

Dampa ni kifaa kidogo kinachofanana na shokapu nyembamba, kina fimbo inayoingia na kutoka kwenye mafuta. Upande mmoja hufungwa kwenye fremu, mwingine kwenye foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Pikipiki kubwa inapokimbia barabara yenye mashimo, usukani huweza kuanza kucheza kushoto na kulia mpaka ukamshinda dereva. Dampa huutuliza.

Hii ni mara ya pili kwa Victor kufika hapa. Wiki iliyopita alileta dampa nyingine, mpya kabisa, ikiwa bado kwenye boksi lake. Yusto aliipima kwa futi ya chuma, akapima nafasi kati ya fremu na foku, akamrudishia mkononi. Ilikuwa nzuri, ila si ya pikipiki ile. Victor alikasirika, akasema atatafuta fundi mwingine. Baada ya siku nne alirudi na iliyo sahihi.

"Huyu leo ananinunia, lakini atafika nyumbani," anasema Yusto baada ya Victor kwenda kutafuta chai. "Yupo mmoja nilimfurahisha."

Anasema hivyo, kisha anafuta spana ambayo tayari ni safi.

Yusto ana miaka arobaini na saba. Alianza kwa kuziba pancha za baiskeli Matai, akaja Sumbawanga kijana, na sasa ana miaka ishirini na miwili katika ufundi wa pikipiki. Kazi yake kubwa ni bodaboda: breki, cheni, injini zilizochoka. Siku ikiwa njema anaondoka na shilingi elfu ishirini. Pikipiki za mbio mjini hapa ni chache, na kwa miaka mingi wenye nazo walikuwa wakimtaja yeye kabla ya fundi mwingine yeyote.

Sifa hiyo, anasema, ndiyo iliyomponza.

Juni mwaka jana alikuja kijana anayeitwa Malimi Bundala, mwenye miaka ishirini na minane, mnunuzi wa ng'ombe. Wazazi wake walihama kutoka Shinyanga na mifugo yao, wakaweka makazi Ilemba, chini kabisa kwenye Bonde la Rukwa. Malimi alikuwa amenunua pikipiki ya mbio iliyotumika, na ikipita mwendo wa mia moja usukani ulikuwa unatetemeka.

Yusto alifungua shingo ya usukani, akakuta beringi zimekwisha, akabadilisha. Mtetemo ukapungua lakini haukuisha. Ndipo Malimi akaenda Tunduma, akarudi na dampa aliyoipata kwa muuza vifaa vya mitumba. Ilikuwa imetoka kwenye pikipiki ya aina nyingine. Fimbo yake ilikuwa fupi kwa vidole viwili.

"Nilijua ni fupi," anasema Yusto. "Sitakudanganya kwamba sikujua."

Kwa nini basi aliifunga?

"Alikuja na rafiki zake watatu. Wanasema, mshikaji, Sumbawanga nzima hakuna anayeweza hii kazi ila Yusto. Mimi dampa nilikuwa nimeziona kwenye simu tu, sijawahi hata kuzishika. Nikaona aibu kusema kifaa hakifai, au kusema sijui. Nikasogeza klampu, kile kibano chake, kwenye foku, ikaingia. Wakapiga makofi."

Baada ya kuifunga, hakuinua gurudumu la mbele. Aliugeuza usukani kulia ukafika mwisho. Kushoto aliusukuma kidogo tu, akaona inatosha. Kisha akaijaribu mwenyewe kwenye lami ya kwenda Tunduma, barabara iliyonyooka, kwenda na kurudi. Pikipiki ilitulia kabisa, anasema, mpaka akawa anacheka peke yake ndani ya kofia.

Kwenye barabara iliyonyooka kosa lile halikuweza kuonekana. Usukani wa pikipiki iendayo kasi haugeuzwi sana. Mtu huilaza kidogo tu, ikakata kona. Unageuzwa mpaka mwisho pale mtu anapokwenda pole, kwenye kona kali. Na upande wa kushoto, fimbo ile fupi ilikuwa inaisha kabla usukani haujafika hata nusu.

Siku tatu baadaye Malimi aliondoka kwenda Ilemba kumwonyesha baba yake pikipiki. Kutoka Ntendo barabara huteremka ukingo wa uwanda kuelekea Muze, kona baada ya kona, changarawe chini ya magurudumu. Malimi aliogopa changarawe. Aliweka gia ya kwanza, akawa anakwenda kama mtu anayesukuma. Kwenye kona moja ya kushoto aligeuza usukani, ukaja kidogo, ukagoma. Aliuvuta kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikaendelea mbele, ikatoka nje ya barabara, ikamwangukia kwenye mawe.

Madaktari walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Mjini na bondeni habari ilikuwa moja: mwendokasi. Kijana, pikipiki ya mbio, mteremko. Nani angeuliza zaidi? Malimi alisema alikuwa anakwenda taratibu. Watu walitikisa vichwa kwa huruma, wakabadilisha mazungumzo.

Rafiki zake waliyaleta mabaki ya pikipiki kwa Yusto, wakauliza kama kuna vya kuuza. Yusto aliitazama dampa. Fimbo ilikuwa imevutwa mpaka mwisho wake na imepinda, na klampu ilikuwa imekwaruza foku pale ilipong'ang'ania. Hakuhitaji dakika moja kuelewa. Aliifungua, akaifunga kwenye gunia, akaiweka uvunguni mwa kitanda.

Kesho yake alikwenda hospitali na machungwa.

"Alinishika mkono," anasema. "Akaniuliza, kaka Yusto, usukani uligoma, au ni mimi nilichanganyikiwa? Aliuliza vizuri tu, kama mtu anayetaka kujua. Mimi nikamwambia, ajali inachanganya akili, pumzika kwanza."

Yusto anafuta uso kwa kiganja chenye grisi.

"Dampa nilifunga kwa ujinga na majivuno. Lakini lile jibu nililitoa nikiwa na akili zangu timamu. Hilo ndilo linaloniua."

Mke wake, Rozina, anayeuza ulezi na maharage sokoni, aliligundua gunia wakati wa kufagia. Aliuliza ni chuma gani, akajibiwa ni cha mteja. Hakuamini, kwa kuwa mumewe hajawahi kulala juu ya vyuma vya wateja.

"Alikuwa hali chakula vizuri, akaacha hata kuimba kwaya," anasema Rozina. "Nikamwambia, kama huwezi kuniambia mimi, mwambie padri. Akaniambia, padri hakukatwa mguu."

Huko Ilemba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mzee Bundala, baba yake Malimi, alikuwa amemkataza mwanawe kununua pikipiki ile. Baada ya ajali aliwaambia wageni wote waliokuja kuwapa pole kwamba mwanawe alijikata mguu mwenyewe kwa kupenda sifa. Baba na mtoto waliishi boma moja bila kuongea. Malimi naye, kwa kuambiwa kila siku, akaanza kuamini kuwa kweli alikimbia. Akawa anamwomba mama yake msamaha.

Novemba, Mzee Bundala aliugua siku sita, akafariki. Habari ilimfikia Yusto kwa wafanyabiashara wa ng'ombe. Hakwenda kuzika.

Alikwenda mwishoni mwa Januari, miezi saba baada ya ajali, kwa basi, na gunia mapajani. Alimkuta mama yake Malimi, Debora, anabangua karanga mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Malimi alitoka na magongo yake, akakaa kwenye kigoda. Yusto alitoa dampa, akaiweka chini mbele yao, akaeleza: urefu wa fimbo, klampu aliyoisogeza, gurudumu ambalo hakuliinua, alichokiona kwenye mabaki, na swali la hospitali ambalo alilikwepa.

Alipomaliza, Malimi aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nilikuwa taratibu."

"Ulikuwa taratibu."

"Rudia."

"Malimi, ulikuwa taratibu. Usukani ndio uligoma, na niliyeufunga ni mimi."

Malimi aligeuza uso kuelekea ukutani akalia. Baadaye alisema neno moja tu ambalo Yusto hulisikia mpaka leo akiwa na spana mkononi: "Baba amekufa akijua mimi mpumbavu."

Debora anakumbuka siku ile kwa njia yake. "Kwetu mgeni hanyimwi maji," anasema kwa simu kutoka Ilemba. "Mimi siku hiyo sikumpa. Nilikuwa nahesabu moyoni: Juni hadi Novemba mzee alikuwa hai. Angekuja siku yoyote katika hizo, mwanangu angeongea na baba yake."

Yusto alikuwa tayari kupelekwa polisi, lakini familia haikutaka kesi. Kabla hajaondoka, Debora alimtamkia sharti moja. Baada ya mavuno ukoo utakutana kujengea kaburi la marehemu. Watakuja watu wale wale waliokuwapo msibani, waliosikia kwamba Malimi alijiponza.

"Nikamwambia uje, uyaseme mbele yao," anasema Debora. "Hapa mlangoni tumesikia watu wawili. Haitoshi."

Malimi sasa ananunua ng'ombe kwa simu, na siku za mnada hupakiwa kwenye gari la rafiki. Anachagua maneno anapomzungumzia fundi. "Sijasema nimemsamehe. Akipiga simu napokea, ananiuliza mguu, namwambia. Wakati mwingine nakasirika upya, nakata. Hajawahi kulalamika."

Tangu Januari, kila mwenye pikipiki kubwa anayefika Majengo husimuliwa kisa hiki kabla ya spana kuguswa. Wengine huondoka. Wateja wa aina hiyo wamebaki wachache, na Yusto hawalaumu. Kwa wanaobaki huanza na beringi za shingo, kwa sababu dampa huweza kuficha ugonjwa badala ya kuutibu. Hupima fimbo. Huinua gurudumu, hugeuza usukani pande zote mbili mpaka foku zenyewe zigote kwenye fremu, na kuhakikisha fimbo bado ina nafasi. Huangalia kama waya na mipira ya breki haivutwi. Mwisho huilegeza dampa kwenye kipimo cha chini, kisha humpeleka mteja kiwanjani azunguke polepole, kushoto na kulia, kama mtoto anayejifunza.

Victor amerudi kutoka kunywa chai. Anazungushwa mara sita kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Safari hii hanung'uniki. Kisa alichokisikia kwa Yusto wiki iliyopita bila kukijali, kibandani mama ntilie amemsimulia upya.

Ukoo wa Bundala unakutana Ilemba Jumamosi hii. Yusto ameshakata tiketi ya basi, na Rozina anakwenda naye. Yusto mwenyewe ndiye aliyeomba jina lake lichapishwe kamili, ili anayesoma asidhani ni fundi mwingine.

Anakiri kwamba anaogopa. Wajomba wa Malimi ni wengi, na wapo waliosema kwa uwazi kwamba hawataki kumwona. Matumaini yake hayafiki mbali: anataka tu wazee wale wamtazame Malimi kwa jicho jingine kabla hawajatawanyika. Baba yake hawezi tena.

"Sina hotuba," anasema akikunja koti lake la pili, jua sasa limeanza kupasha bati. "Nitataja jina langu, nitataja kazi yangu, nitasema nilichofanya na nilichonyamazia. Nikimaliza, wakiniambia niondoke, nitaondoka. Wakiniambia nishike chepe, nitashika, niwachanganyie saruji mpaka kaburi liishe."