Propela ya Mbele ya Gari la Kidawa

Kwa miaka sita Kidawa Abdurahmani aliuza mitumba Kilwa Kivinje, na alikuwa na desturi iliyowakera wauzaji wenzake. Akifungua belo, shati lenye tobo alilinyanyua juu watu wote walione. "Hili lina tobo kwapani, jamani. Anayelitaka alitake na tobo lake, asije kesho kunililia." Wenzake walimwambia anajiharibia biashara. Yeye aliendelea, na wateja wakaendelea kuja.

Alikuwa ameanza enzi ya ruksa. Kila mwenye nguvu aliruhusiwa kununua na kuuza, na mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Mumewe, Hussen, alikuwa karani wa shirika mojawapo mpaka siku alipopewa barua ya kupunguzwa kazi. Tangu hapo alishinda nyumbani akisoma magazeti ya wiki iliyopita. Mjini walizidi kumwita Bwana Karani, naye aliitikia.

Mwaka tisini na saba Kidawa alipata uwezo wa kununua gari la kupeleka nguo vijijini, na kazi ya kulikagua alimpa Hussen kwa makusudi. Hussen alikuwa amewahi kuendesha gari la shirika, na Kidawa alitaka watu wamwone mumewe akiulizwa jambo na akilijibu.

Muuzaji aliitwa Maftaha. Alikuwa na duka la vipuri Kilwa Masoko, na nyuma ya duka alipanga magari yaliyokwisha kutumika Japani na kupitia Dubai. Alimwonyesha Hussen gari dogo jeupe lililonyanyuka, la milango mitatu, tairi la akiba likiwa mgongoni.

"Hili ni mbuzi wa mlimani," alisema Maftaha akigusa gia fupi iliyokuwa kando ya gia kubwa. "Vuta hii tu, miguu yote minne inafanya kazi. Tope halikusumbui tena."

Hussen alizunguka gari, akapiga tairi teke, akatia saini makubaliano. Kadi ikaandikwa jina la Kidawa. Kidawa mwenyewe ndiye aliyeendesha, maana alikuwa amejifunza Dar es Salaam kwa mjomba wake.

Kiangazi chote gari lilikwenda vizuri. Jambo moja tu lilimshangaza Kidawa: kila alipotaja kwenda kijiji cha Pande, Hussen alipata neno. Mara barabara ni mbaya, mara asubiri mwezi ujao. Lakini Novemba wakulima wa Pande walikuwa na pesa za korosho mkononi, na mfanyabiashara hawezi kusubiri pesa ya mwenzake iishe. Mvua walizoziita za Elinino zilikwishaanza kumwagika bila kupumzika. Kidawa alipakia mabelo mawili, akamchukua shoga yake Esha waliyekuwa wakiuza pamoja, wakaondoka. Hussen alibaki kitandani akisema ana homa.

Saa tano mchana waliingia kwenye tope. Kidawa hakutishika. Alivuta ile gia fupi kama alivyoelekezwa, akakanyaga mafuta. Gari lilinguruma, likateleza ubavu, likakaa. Watu wa shamba la jirani walikuja kusukuma. Walisukuma mpaka jasho na mvua vikawa kitu kimoja, na gari likazidi kuzama.

Mzee mmoja miongoni mwao alichuchumaa akalitazama.

"Mwanangu, hebu kanyaga tena." Kidawa akakanyaga. "Basi, zima. Magurudumu ya nyuma yanazunguka. Ya mbele yametulia kama yamealikwa karamu."

Kidawa aliteremka akajionea mwenyewe, Esha akikanyaga mafuta. Ya mbele hayakutikisika hata kidogo. Ili gari lipate kuchomoka ilibidi wapunguze mzigo, na mabelo yakashushwa kwenye turubai. Turubai likazama upande mmoja, maji mekundu yakaingia nguoni. Waliondolewa hapo jioni kwa kamba na watu kumi na wawili, wakalala kijijini. Pande hawakuiona.

Kesho yake Kidawa hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimama Nangurukuru kwa Laurenti, fundi Mmakonde aliyekuwa na gereji yake njia panda. Laurenti hakuhitaji hata kulala chini. Aliinama, akachungulia, akajifuta mikono kwa tambara.

"Propela ya mbele haipo, mama. Ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Bila huo, gia hii unavuta hewa tu." Kisha akamtazama kwa mshangao. "Nilidhani unajua."

"Nijue vipi?"

"Mimi ndiye niliyeifungua. Maftaha ana gari lake la aina hii hii, propela yake ilipinda. Akaniambia nihamishe ya hili niweke kwenye lake kabla hajaliuza. Siku mlipokuja kulichukua nilikuwepo pale. Nikamwambia bwana."

"Bwana gani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi!" Kidawa alipiga bodi kiganja mpaka Esha akashtuka. "Jina langu liko kwenye kadi. Usukani nimeushika mimi. Nimekuja kwako kubadili oili mara mbili, fundi, mara mbili, na kinywa chako kimefungwa kwa sababu ulishasema na suruali!"

Laurenti aliinamisha kichwa.

Hussen alikuwa sebuleni, homa imekwisha. Alipoona tope kwenye khanga za mkewe alijua.

"Baba Imani, ulijua?"

Hussen akasema, "Nilishatia saini, Mama Imani. Fundi kaja kuninong'oneza baadaye. Wanaume wamesimama pale, wananiita Bwana Karani. Ningesemaje kwamba sikutazama chini ya gari?"

"Ukaona heri nikatazame mimi, nimepiga magoti kwenye matope ya watu."

"Nilikuzuia usiende Pande."

"Hukunizuia. Ulinidanganya."

Alfajiri Kidawa alimpitia Laurenti, aliyekubali kwenda naye kwa aibu, wakashuka Masoko. Maftaha aliwakaribisha kwa kicheko.

"Dada Kidawa, gari la mtumba ni mtumba. Na mumeo aliridhika."

"Mimi nauza mitumba, Maftaha. Usinifundishe. Mtumba una tobo. Mwizi ndiye anayelificha. Propela yangu iko chini ya gari lako lile pale, na aliyeifunga huyu hapa."

"Nenda kashitaki."

Kidawa hakwenda kushitaki. Alikaa kwenye ngazi ya duka, Laurenti akisubiri kando. Kila aliyekuja kuulizia gari alimsalimu kwa adabu, wakubwa akawapa shikamoo yao, kisha akasema kwa sauti aliyozoea kutumia sokoni: "Chungulia chini kabla hujatoa pesa. La kwangu liliuzwa limeng'olewa kiungo." Siku ya kwanza Maftaha alimcheka. Siku ya pili mwalimu mmoja aliyekuja na pesa zake alikunja suruali, akalala kifudifudi akatazama chini ya gari alilokuwa akilitaka. Aliinuka akasema atarudi kesho kutwa, akaenda zake. Baada ya sala ya alasiri Maftaha alitoka, uso umekunjamana.

"Laurenti, mfungulie huyu mwanamke chuma chake, aniondokee."

Kidawa alitandika khanga chini, akajilaza kando ya fundi, akahesabu kila nati ilipokuwa ikikazwa. Aliendesha mpaka kwenye mchanga laini, akavuta gia, na magurudumu ya mbele yakatupa mchanga. Fidia ya nguo zilizoharibika Maftaha alikataa katakata, na mpaka leo hajalipa. Akizitaja, anasema mama yule ana jeuri.

Kidawa aliporudi Kivinje alimkuta Hussen uani, kifua wazi, amefungua yale mabelo yote mawili. Mabeseni matatu ya maji mekundu yalikuwa mbele yake, na kamba zimejaa nguo kutoka mwembeni hadi kwa jirani. Wanaume wawili waliokuwa wakipita walisimama kumwangalia Bwana Karani akifua. Hakuinua macho.

Hasira ya Kidawa ilikuwa palepale. Alimtazama akisokota sweta kwa nguvu.

"Hilo usilikamue," alisema. "Litavutika." Akaingia ndani, na chakula cha jioni, walichozoea kula sahani moja, akapakua sahani mbili mbalimbali.