Mlangilangi wa Karatasi ya Saruji

Kwetu Mutsamudu baba humjengea binti nyumba kabla hajaolewa. Mimi shule sikusoma, lakini mikono ninayo. Siku zile mamluki wa kizungu walipoitawala nchi yetu nilikuwa mjini Moroni, mtaa wa Badjanani, na kiduka changu, nikitengeneza miti midogo ya kupamba nyumba za wanasesere. Saruji ya nyumba ya kweli sikuimudu. Basi nikamtengenezea binti yangu kijumba cha mbao, na mlangoni mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato, wa urefu wa kidole: matawi ya waya, majani ya karatasi ya mfuko wa saruji, maua ya ganda la kitunguu saumu lililotiwa manjano.

"Hii ndogo, mwanangu. Kubwa inakuja."

Mamluki mmoja, bunduki begani, akaingia dukani, akaunusa ule mti, akacheka, akakibeba kijumba chote.

Binti aliporudi kutoka chuo cha Kurani akauliza, "Baba, umempa mzungu nyumba yangu?"

"Nitakutengenezea nyingine."

"Sasa nataka ile kubwa."

Sikuijenga. Aliolewa, akaenda kukaa kwa mama mkwe wake, huko mjini Mirontsy, na humo ndani ni mgeni mpaka leo. Watoto wa watu nimewapandia bustani ngapi za wanasesere! Wangu hana hata kizingiti.