Injinia wa Kutazama

Mtaani walimwita Injinia, kwa kejeli. Miaka nenda rudi alitazama video za kuandika programu, akirukia lugha hii ya kompyuta na ile kama panzi, bila kutengeneza chochote. Dada yake, dobi, alikuwa akipoteza wateja kwa kuchanganya nguo zao.

“Nitengenezee programu,” dada alimwambia. “Nikiandika namba ya nguo, nione jina la mwenyewe. Basi.”

“Dada, nimalize nadharia kwanza.”

“Mtaka cha uvunguni huinama, wewe umelala juu ya kitanda! Bila programu, bando sikununulii tena.”

Jioni, jasho likimtiririka, Injinia akawasha programu yake ya kwanza. Kila namba, hata ya gauni la harusi, ilileta jina la mteja yuleyule, fundi magari.

Dada alicheka hadi akashika meza. “Afadhali! Siku zote hukuwa hata na kosa la kurekebisha. Sasa unalo. Kaa, urekebishe.”